Barua Chini ya Salamu

Ijumaa hiyo, baada ya swala, Ubeid alirudi kwenye cherehani yake barazani mwa duka la Shee pale Garsen, akaweka mguu juu ya pedali lakini hakukanyaga. Zilikuwa zimebaki dakika tano itimie saa nane, na saa nane ilikuwa saa ya salamu. Aliisogeza redio karibu na sikio, akaizungusha taratibu mpaka sauti ya mtangazaji ikajitokeza katikati ya mikwaruzo. Nguo za watu zilirundikana miguuni mwake: kanzu isiyo na mikono, gauni la harusi lililoishia kiunoni, suruali ya askari mmoja iliyokuwa ikingoja zipu tangu mvua kubwa zianze. Mvua hizo zilianza mwezi wa kumi. Sasa ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 1998, na mto Tana ulikuwa bado haujarudi mkondoni mwake.

Wapenzi wa salamu nchi nzima walimjua, ila hawakumjua kwa jina la Ubeid. Redioni alikuwa Kiboko wa Garsen. Kwa miaka tisa alikuwa akinunua kadi za salamu, akizijaza majina ya wasalimiaji wenzake wa Busia, wa Voi, wa Marsabit, watu ambao hakuwahi kuwaona hata kwa picha, na kuzipeleka posta. Nao walimsalimu. Kila jina lake liliposomwa, alijiona kama mtu aliyeitwa mbele ya mkutano akapewa kiti. Hapo Garsen walimwita fundi tu, na siku hizi wengine walimwita fundi kesho.

Mkewe, Kibibi, alikuja akikanyaga matope, buibui kaliinua kwa mkono mmoja, mkono wa pili kashika karatasi.

"Baba Swaleha, zima redio."

"Ngoja kidogo. Ndiyo wanaanza."

"Zima nimekwambia."

Hakuzima. Alipunguza sauti, akabaki na kidole kwenye kinundu cha sauti.

"Hii imeletwa na dereva wa lori la mahindi ya msaada," Kibibi alisema. "Ameandika Binti, yule aliyekaa dawati moja na Swaleha. Yuko shule ya wasichana, Hola. Anauliza mwenzake ana nini. Anasema jina la Swaleha linasomwa kila asubuhi paredi na hakuna anayeitika. Wiki ya pili sasa."

"Jina la Swaleha? Wetu?"

"Ameitwa sekondari, Baba Swaleha. Mtoto ameitwa, naye yuko nyumbani anasugua masufuria, anadhani amefeli."

Ubeid alitikisa kichwa. "Haikuja barua. Ingekuja ningeiona. Mimi posta naenda kila siku ya Mungu."

"Najua unaenda kila siku."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akainama, akaingiza mkono chini ya meza ya cherehani, akalivuta gunia. Barua zote zilikuwa humo. Mafuriko yalipoikata barabara ya Malindi barua hazikuja kwa wiki tatu, na ilipofunguka zikaja kwa mkupuo mmoja, na Ubeid alibeba zake kama mtu aliyetoka kuvuna. Alifungua zile zilizoandikwa Kiboko. Nyingine alizitia guniani, atazitazama akipata nafasi.

Kibibi aliligeuza gunia. Bahasha zilimwagika juu ya baraza, nyeupe, za buluu, nyingine zimechorwa maua pembeni. Wanawake wawili waliokuja kununua sukari walisimama. Shee mwenyewe alitoa kichwa dirishani mwa duka. Kibibi akapiga magoti kati yao wote, akaanza kuchambua.

"Mama Swaleha, twende nyumbani, tutatafuta vizuri," Ubeid alinong'ona.

Kibibi aliendelea kuchambua. Na hapo hapo redio ikasema, kwa sauti ndogo lakini safi: "Tunafika Tana River, kwake Kiboko wa Garsen, anayesalimiwa na..."

Ubeid akageuza kichwa. Hakukusudia. Shingo iligeuka yenyewe kuifuata sauti, na alipoirudisha alikuta Kibibi anamtazama. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri wa shule.

"Soma," akasema. "Soma kwa sauti, kama wanavyosoma hao."

Aliisoma. Shule itafunguliwa Jumatatu tarehe mbili Februari. Mwanafunzi ambaye hatafika katika muda wa siku kumi na nne, nafasi yake itapewa mwingine. Leo ilikuwa tarehe kumi na tatu.

"Mwisho ni Jumatatu hii," Kibibi alisema. Alizifuta bahasha magotini kama anayekung'uta makapi, akainuka, akaenda zake. Mmoja wa wale wanawake alitaka kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu.

Ubeid alikaa pale mpaka salamu zikaisha. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa amezisikiliza mpaka mwisho.

Barua ilitaka sketi mbili za kijani. Asubuhi ya Jumamosi Ubeid aliomba kitambaa kwa Shee, kikapatikana cha sketi moja tu, akaishona kwa muda wa saa moja na nusu, pindo na yote, bila redio. Kibibi alikuwa akifunga shuka na sahani kwenye begi. Alipopokea ile sketi aliigeuza ndani nje, akakagua mshono.

"Kumbe unaweza," akasema.

Lori la mahindi ya msaada liliwachukua Ubeid na Swaleha, wakakaa juu ya magunia. Pande zote za barabara maji yalitanda mpaka upeo wa macho, na humo yalichomoza mapaa ya nyasi na vichwa vya migomba. Swaleha alikuwa na miaka kumi na tano. Tangu jana alikuwa hajasema kitu zaidi ya "ndiyo, Baba" na "sawa, Baba". Alikuwa amepakata begi lake kama anayeogopa litashuka bila yeye.

Ubeid alitafuta neno. "Ile posta yetu nayo," akaanza. "Barua zinakuja kwa fujo. Mtu hawezi kujua ipi ni ipi."

"Mimi niliiona, Baba."

"Uliona nini?"

"Ile barua. Siku uliponiambia nikujazie kadi za watu wa Kisumu, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Niliiona humo guniani. Ilikuwa na muhuri."

Lori likaingia shimo, wote wawili wakarushwa, wakatua.

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniambia nisifungue barua zako," Swaleha alisema. "Nikakuonyesha juu juu tu, nikasema, Baba, hii je? Ukasema, iache hapo, kwanza tumalize Kisumu."

Ubeid hakulikumbuka neno hilo, na kwa kuwa hakulikumbuka alijua kwamba ni kweli. Alitazama maji. Alitaka kumwomba msamaha, na maneno yalikuwepo, machache tu, lakini kila alipofungua mdomo ilitoka habari nyingine: jua kali, magunia magumu, dereva mzuri.

Kabla ya nusu ya safari lori lilizama matopeni mpaka ekseli. Walilala kwenye msikiti wa kijiji kimoja, wakashinda Jumapili nzima wakingoja trekta ambayo haikuja. Jumatatu alfajiri walivushwa kwa mtumbwi, wakatembea, wakapata pikipiki ya ofisa wa kilimo iliyobeba mtu mmoja tu. Ubeid alimpandisha binti yake, yeye akafuata kwa miguu mwendo wa saa tatu, begi kichwani. Kila alipoinua macho kutazama jua, ilikuwa ni kuhesabu saa zilizobaki.

Swaleha alikuwa akimngoja langoni mwa shule, wakafika ofisini kwa mwalimu mkuu saa saba unusu. Madam Komora alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitazama barua, akaitazama miguu ya Ubeid iliyojaa tope mpaka magotini.

"Mzee, umechelewa kwa saa nne. Kitanda nimekitoa leo asubuhi. Kuna mtoto kalala varanda yangu siku tatu na mama yake, wakingoja kitanda hicho."

"Madam, barua inasema siku kumi na nne. Leo ndiyo ya kumi na nne. Na mafuriko haya..."

"Mafuriko nayajua. Nina wasichana hapa waliokuja kwa mtumbwi kutoka Kau, kule mto unakoingia baharini." Alivua miwani. "Ubeid wa Garsen. Fundi. Wasichana wangu wa Garsen wamenisimulia: si wewe unayeitwa Kiboko?"

Hata hapo, na tope lile, na mtoto wake kasimama pembeni, Ubeid aliona raha kidogo, akajichukia kwa raha hiyo. "Ni mimi, Madam."

"Jumatatu ya kufungua nilikuwa hapa ninapokea wageni, redio iko hapo dirishani. Nilisikia kadi zako zikifuatana. Zilikuwa na watu hamsini na zaidi, karani wangu alihesabu kwa mchezo. Nilikuwa na jina la binti huyu mbele yangu, halina alama."

Swaleha alitazama sakafu. Ubeid alijiona kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.

"Nafasi ya darasani ninayo," Madam Komora akaendelea. "Ya kulala sina, mpaka muhula wa pili. Akipata nyumba ya heshima karibu na shule, na mwenye nyumba aje atie sahihi kwamba mtoto yuko mikononi mwake, nitampokea. Leo, kabla ya saa kumi na moja. Una watu hapa Hola?"

"Ninao wengi, Madam."

"Nani?"

"Simba wa Galole. Malkia wa Mto. Bin Upepo. Yuko na..."

"Nimeuliza majina ya watu, mzee."

Katika wote hao Ubeid alijua jina halisi la mmoja tu. Simba wa Galole aliitwa Godana, na barua zake zilisema anaishi nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bati la buluu.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Godana alikuwa mwanamume mnene wa kabila la Waorma, aliyewahi kuwa na ng'ombe wengi, sasa alikuwa na wachache aliowaachia nduguze kule malishoni. Alikaa juu ya ngozi katikati ya chumba, redio mbili mbele yake, na kadi zimezunguka magoti yake kama karata. Ubeid alipotaja jina lake la redioni, Godana alisimama kwa kishindo, akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Kiboko! Wallahi ni wewe! Miaka sita nasoma barua yako, leo naona uso! Abdia! Abdia, njoo ona nani amekuja!"

Mkewe aliingia kutoka uani. Alikuwa amebeba mtungi wa maji, akautua taratibu, akaitikia salamu bila tabasamu. Nyuma yake Ubeid aliona ua: ukuta wa udongo ulioangushwa na mvua na hadi sasa haujainuliwa, turubai limefungwa mahali pa ukuta, na mtoto mdogo anayekohoa amelazwa kwenye mkeka.

Ubeid alieleza shida yake. Kabla hajamaliza Godana alikuwa amekwisha kubali. "Mtoto wako ni mtoto wangu! Atakaa hapa. Tena anajua kuandika? Vizuri sana. Mimi mkono wangu mbaya, kadi zinarudi." Akamgeukia Swaleha, akamnyooshea kalamu na kadi tano, uso wake wote umejaa ukarimu. "Anza hii, binti yangu. Saa kumi na moja wanafunga posta."

Swaleha alinyoosha mkono kupokea. Ilikuwa ni adabu tu, alivyofunzwa kutokataa cha mkubwa. Lakini Ubeid aliuona mkono ule ukienda kwenye kalamu, akauona mkono uleule ukiinua bahasha ya kaki na kuirudisha guniani.

"Hapana," akasema. Alisema kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Rudisha, mama. Hutaandika kadi tena. Si zake, wala zangu."

Redio moja ilikuwa ikitangaza bei ya maziwa.

"Kiboko," Godana alisema, "nimekosa nini?"

"Hujakosa, ndugu yangu. Nimekosa mimi." Alimweleza yote, na gunia, na siku kumi na nne. Alipomaliza Godana alikuwa ameketi tena juu ya ngozi yake, anazipanga kadi bila kuzitazama.

Ni Abdia aliyezungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, alikitoa neno moja moja, na kila neno lilikaa.

"Wewe sikiliza, shemeji. Huyu mtoto mimi nachukua. Analala na mimi, asubuhi anakwenda shule, jioni anasoma. Mimi nakwenda kwa Madam, natia kidole. Lakini na mimi nataka kitu. Barua yako isije hapa tena. Salamu yako isije. Kila Kiboko anaita, huyu anaitika. Ile ukuta imeanguka mwezi wa kumi na moja. Yeye anasema kesho, leo naandikia Kiboko."

"Abdia!" Godana akaita kwa aibu.

"Nasema uwongo?"

Godana alimtazama Ubeid kwa macho ya mtu anayengoja atetewe. Ubeid alimjua mtu huyu kuliko alivyowajua majirani zake: alijua alivyopoteza ng'ombe katika ukame, alijua jina la kaka yake aliyekufa. Siku za shida walikuwa wakitumiana mstari mmoja redioni, *kaza moyo, Simba*, na mstari ule ulimsaidia mtu kweli. Hayo yote hayakuwa bure. Na mtoto anayekohoa alikuwa pale uani.

"Naacha," Ubeid alisema. "Leo. Kadi, barua, vyote."

"Kwa hivyo mimi unaniacha," Godana alisema.

"Salamu ndizo ninazoziacha. Nikija kumwona mwanangu, nitakuja kukuona na wewe. Tutauinua huo ukuta."

Godana alicheka kidogo, bila furaha. "Ukuta," akasema, akaigeuzia redio uso.

Abdia alikuwa amekwisha kujifunga shela. Walitembea watatu mpaka shuleni, wakafika saa kumi na nusu, na Abdia akabonyeza dole gumba lake juu ya wino wa Madam Komora. Swaleha aliandikwa. Langoni alimshika baba yake mkono, akaubusu kama ilivyo desturi, akasema "safari njema, Baba," na kuingia ndani haraka. Ubeid alibaki na yale maneno machache yasiyotoka.

Wiki ya kwanza ilimtesa. Redio alimkabidhi Kibibi, naye akaifungia sandukuni, lakini ikitimia saa nane mguu ulisimama wenyewe juu ya pedali. Alikuwa mkali kwa wateja. Alichoma kidole mara mbili kwa sindano. Posta aliacha kwenda. Kibibi ndiye aliyekwenda, mara moja kwa wiki, akarudi na bahasha za wasalimiaji, na Ubeid akamwomba azitie motoni bila kumwonyesha. Suruali ya askari ilipata zipu. Gauni la harusi lilikwisha siku mbili baada ya harusi, na mama wa bibi harusi alilitupa juu ya cherehani, akamwambia alivae mwenyewe.

Jumatano ya wiki ya tatu, redio ya Shee ikiwa imewashwa ndani ya duka, mtangazaji alishusha sauti. Alisema amepata kadi ya huzuni kutoka kwa Simba wa Galole. Imeandikwa kwa ufupi: Kiboko wa Garsen hatunaye tena. Mtangazaji akawataka wasikilizaji wote wamwombee marehemu, aliyechukuliwa, bila shaka, na mafuriko ya Tana.

Shee alitoka mbio, kilemba mkononi. "Fundi! Wamekuzika!"

Siku mbili zilizofuata kipindi kizima kilikuwa chake. Busia walilia. Voi walisema hawatapata mwingine kama yeye. Mtu wa Marsabit alimtungia mistari minne. Miaka tisa Ubeid hakuwahi kusikia jina lake likitajwa mara nyingi namna hiyo, na kwa upendo namna hiyo. Watu wa Garsen walikuja barazani kucheka na marehemu anayeshona. Yeye alikaa kichwa chini, akiendelea kushona.

"Chukua," Shee akamwambia Ijumaa, akimwekea kadi moja mpya juu ya meza. "Bure, sikudai. Andika uko hai. Moja tu. Ni haki ya watu kujua."

Kadi ilikuwa na nafasi ya majina kumi na mbili. Ubeid aliishika. Aliona jinsi itakavyosomwa, mtangazaji atakavyopiga ukelele, na wale wote watakavyojibu, mamia yao, na kila mmoja atakavyostahili kujibiwa. Vidole vyake vilikwisha kuikamata kalamu ya kuwekea alama vitambaa. Shee alingoja. Ubeid aliinuka, akaingia dukani, akaiweka kadi kwenye rafu pamoja na nyingine, akarudi kukaa.

"Acha wanizike," akasema. Alipotaka kutunga uzi, haukuingia tunduni mpaka mara ya nne.

Jioni Kibibi alimkuta ameketi mlangoni mwa nyumba na kalamu na karatasi. Akasimama, uso umebadilika.

"Baba Swaleha."

"Si kadi. Njoo uone."

Alikuja akaona. Ilikuwa ni karatasi ya daftari, na juu yake iliandikwa *Mwanangu Swaleha*, na chini ya hapo hakuna kitu. Alikuwa amekaa nayo tangu alasiri. Miaka tisa alikuwa ameandika majina, na baada ya majina mstari mmoja wa ujumbe; hakujua mtu huandika nini akiwa na jina moja tu na karatasi nzima.

"Nimwambie nini?"

Kibibi aliketi kizingitini kando yake. "Muulize anakula nini."

Akaandika.

"Muulize yule mtoto wa Abdia kikohozi kimepoa."

Akaandika. "Halafu?"

"Halafu lile neno ulilokwenda nalo Hola ukarudi nalo."

Kalamu ilisimama. Upepo wa mtoni uliinua ukingo wa karatasi, na Kibibi akauwekea kiganja chake usigeuke. Hakumharakisha. Baada ya muda mrefu Ubeid aliinama, akaandika.